Kaseti zilisikika, faili zikagoma: kisa cha kikundi kimoja cha Lamu

Usuli

Kikundi ninachokieleza kiko kisiwani Lamu na kazi yake ni kuhifadhi kasida, mashairi na nyimbo za harusi. Jina lake, mtaa wake na majina ya watu nimeyaondoa, na mambo machache yasiyobadili maana nimeyachanganya ili asitambulike mtu. Wahusika nitawaita Bi Mkubwa, Maalim, Katibu na Fundi. Mimi niliitwa kama mtu wa nje mwenye uzoefu wa uhifadhi wa faili, nikawa nakwenda na kurudi kuanzia mwisho wa 2024.

Mali ya kikundi ilikuwa ya aina mbili. Kwanza kaseti za miaka ya themanini na tisini, zilizorekodiwa kwa redio ya kawaida barazani, kwenye maulidi na katika nyumba za harusi. Katikati ya miaka ya 2000 kijana mmoja aliyekuwa akisoma Mombasa alichukua sehemu kubwa ya kaseti hizo, zikahamishiwa kwenye sidii, na sidii zikanakiliwa kwenye kompyuta ya kikundi. Watu wakaona kazi imekwisha. Kaseti nyingine zilirudishwa kwa wenyewe, nyingine zikarekodiwa mambo mengine juu yake, na sidii zikaachwa ndani ya mfuko wa plastiki juu ya kabati. Anayeijua hali ya hewa ya pwani hahitaji kuambiwa zilikuwa na hali gani miaka kumi na tano baadaye.

Mali ya pili ilikuwa diwani ya washairi wa mtaa, ambayo haijachapishwa bado: kila shairi kwa hati za Kiarabu upande mmoja na kwa hati za Kirumi upande wa pili. Ilipangwa kwa Publisher, programu ya Microsoft ya kupanga kurasa, kwa sababu ndiyo iliyokuwamo kwenye mashine.

Ilikuwamo kwa sababu Fundi aliiweka. Windows, Office, Publisher, antivairasi, kila kitu kilikuwa cha kukraki, yaani kilichovunjwa kinga ili kitumike bila kulipiwa, na hilo halikuwa siri wala aibu. Saiba karibu zote nilizowahi kuingia katika miji yetu zilianza hivyo.

Yaliyotokea

Umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu, na kompyuta ya zamani haikuwaka tena. Diski ilisalimika. Fundi aliitoa, akanakili kila kitu kwenye laptopu ya mtumba ambayo kikundi kilikuwa kimenunua, na kwa siku chache watu wote waliridhika.

Kisha Katibu akataka kusikiliza kasida moja. Faili ilikuwapo, yenye jina na ukubwa wake, na hata dakika zake zilionyeshwa. Akibofya, kinatokea kidirisha kinachotaka leseni, kisha kinakataa. Fundi alidhani ni vairasi. Akajaribu programu nyingine za kuchezea muziki, zote zikagoma, na faili zote za folda ile zikawa hivyo hivyo.

Kilichotokea ni hiki. Faili zilikuwa za WMA, aina ya faili ya sauti ya Microsoft. Programu ya muziki iliyotumika kunakili zile sidii, kwa matoleo ya miaka ile, ilikuwa na kisanduku cha kulinda muziki usinakiliwe ovyo, na mara nyingi kisanduku hicho kilikuja na tiki tayari. Ukikiacha kilivyo, kila wimbo unaonakili hufungwa kwa kufuli, na ufunguo wake, yaani leseni, huwekwa kwenye kompyuta ile ile kando ya faili. Ukihamisha faili bila ufunguo, umehamisha sanduku lililofungwa. Leseni zilizokuwa kwenye ile mashine ya zamani zilikuwa zimefutwa siku nyingi, mara mojawapo ilipoformatiwa. Hakuna aliyejua, kwa kuwa tangu wakati huo hakuna aliyezisikiliza.

Kufuli la namna hiyo lilibuniwa kwa maslahi ya kampuni za muziki. Huku kwetu lilifunga sauti za watu wasiowahi kuuza hata kaseti moja, na likawafungia nje watoto wao.

Wakati huo huo ilitokea nafasi ya ruzuku ndogo: kuchapisha diwani na kupanga hifadhi ya sauti. Fomu ya maombi ilikuwa na maswali mawili yaliyowashtua. Programu mnazotumia zina leseni gani? Na nani ameruhusu rekodi hizi zihifadhiwe na zisikilizwe?

Mabishano kabla ya uamuzi

Kikao kilifanyika baada ya Isha na hakikuwa kifupi. Fundi alianza kwa kujitetea, kwa sababu alihisi analaumiwa.

“Maalim, hii dunia nzima yatumia. Nani atavuka maji kutoka Mokowe huko bara aje akague laptopu ya kikundi?”

“Kwani Mungu naye hungoja boti?” Maalim akamjibu, na watu wakacheka, lakini hakuwa akitania tu. Alieleza kwamba Majmaa ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu, yaani baraza la wanazuoni wa sheria, katika kikao chake cha Kuwait mwaka 1988, ilikwisha kuamua kwamba haki za utunzi na uvumbuzi ni mali ya wenyewe na haijuzu kuzivamia. Yeye aliona ajabu kikundi kinachotaka watu waheshimu mashairi ya wazee wetu kifanye kazi hiyo kwa programu ya kuiba. Hoja hiyo ilinyamazisha kikao kuliko hoja yoyote ya kiufundi niliyokuwa nimeandaa.

Katibu alikuwa na wasiwasi mwingine. Aliwahi kuiona LibreOffice, programu ya ofisi ya bure, mahali, ikampangua barua. “Rahisi huvunja upishi,” akasema. Kwake yeye programu ya bure ni ya watu waliokosa, na mfadhili ataona karatasi zimekaa vibaya. Kijana mmoja alikwenda upande wa pili kabisa: akataka kila kitu kiwe huria, yaani cha kutumiwa, kubadilishwa na kugawiwa na yeyote, Linux kwenye mashine zote badala ya Windows, na MP3 ipigwe marufuku kwa sababu ina hataza, yaani haki ya mvumbuzi inayowalazimu wengine kuomba leseni. Hilo la mwisho lilikuwa limepitwa na wakati. Fraunhofer, taasisi ya Ujerumani iliyokuwa ikitoa leseni za MP3, ilifunga mpango wake wa leseni mwaka 2017 baada ya hataza kuisha.

Bi Mkubwa alikaa kimya hadi karibu na mwisho. Kisha akauliza kama katika zile kaseti zimo za kina mama, za vugo, ile ngoma ya wanawake ya harusi, na za kupamba maharusi. Zimo. “Mwanangu, zile tuliimba wenyewe kwa wenyewe. Wengine wamekufa. Hazitoki.”

Maamuzi na sababu zake

La kwanza lilikuwa kuacha kuhangaika na zile WMA. Fundi alikuwa amesikia kuna vijiprogramu vya kuvunja kufuli. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inakataza kuvunja kinga za kiteknolojia za kazi za watu, na mtu angeweza kubisha kwamba mwenye sauti akiridhia hakuna aliyedhulumiwa. Hatukufika kwenye ubishi huo. Vijiprogramu vya zamani nilivyovijua vilihitaji leseni halali iwepo kwenye mashine ndipo viitumie kufungua, na leseni hazikuwapo. Tulizihifadhi faili hizo kama zilivyo, tukaandika kando kwamba zimefungwa, tukageukia kaseti.

Hapa ndipo Fundi alipogeuka kutoka mshtakiwa akawa tegemeo. Kabla ya kompyuta alikuwa akitengeneza redio. Ilipatikana deki ya kaseti yenye tundu la kutolea sauti, akasafisha kichwa chake kwa spiriti na pamba, akaweka kaseti ya kwanza. Sauti ilitoka nzito kama inatoka nyuma ya pazia. Mimi nilidhani kaseti imechoka. Yeye akachukua bisibisi nyembamba, akagusa skrubu ndogo iliyo ubavuni mwa kichwa cha deki, akaizungusha kidogo sana huku sikio liko kwenye spika, mbele, nyuma, mbele tena, hadi zile “s” za mwimbaji zikakata na matari yakasikika moja moja. Redio iliyorekodi kaseti ile ilikuwa na kichwa kilichokaa upande kidogo, na deki ilibidi ikae upande vivyo hivyo. Akafanya hivyo kwa kila kaseti. Programu yoyote ya kusafisha sauti isingeweza kurudisha kile ambacho bisibisi ile ilikipata.

Tulirekodi kwa Audacity, ambayo ni huria, kwa kiwango ambacho wahifadhi wa sauti hukihesabu kuwa cha chini kinachofaa: kHz 48 na biti 24. Saa moja ya stereo kwa kiwango hicho ni karibu GB 1 ikiwa WAV, yaani sauti isiyobanwa. Kwa kuwa diski zetu hazikuwa kubwa, nakala za kudumu tuliziweka kwa FLAC, inayopunguza ukubwa, mara nyingi kwa karibu nusu, bila kupoteza chochote cha sauti. FLAC ina faida nyingine iliyonifanya niisisitize: ndani ya kila faili kuna alama ya hesabu ya sauti yenyewe, hivyo miaka mitano baadaye mtu anaweza kuikagua faili akajua kama imeharibika hata kidogo. Maelezo yake yamechapishwa, na yeyote anaweza kuandika programu ya kuisoma bila kumwomba mtu ruhusa. Nakala za kusikiliza kwenye simu zilikuwa MP3.

Kuhusu diwani, hatukuwa na nafasi ya kusitasita, kwani Microsoft imetangaza kwamba Publisher inafikia mwisho wake Oktoba 2026. LibreOffice Draw husoma faili za Publisher tangu toleo la 4.0 la mwaka 2013, na kurasa zilifunguka. Upande wa hati za Kirumi ulikuwa mzima, isipokuwa visanduku vilivyosogea. Upande wa Kiarabu ulikuwa fujo tupu. Mchapaji wa wakati ule alitumia fonti ya zamani isiyofuata Yunikodi, kiwango cha kimataifa cha kuandika herufi za lugha zote kwenye kompyuta: kwa macho ni alifu na be, lakini ndani ya faili ni herufi za Kirumi zilizovishwa sura ya Kiarabu. Fonti ikikosekana, shairi linakuwa mchanganyiko wa alama zisizosomeka. Maalim aliamua kuyachapa mashairi upya, kwa Yunikodi, na kwa fonti ya Amiri ambayo ina leseni huria. Kazi ilihifadhiwa kwa ODT, fomati ya LibreOffice, na nakala ya mwisho kwa PDF/A, aina ya PDF ya hifadhi ya muda mrefu, ambayo kwa masharti yake lazima ibebe fonti ndani yake.

Katibu hakushawishika kwa maelezo, kwa hiyo nilimwonyesha. Tulichukua faili moja ya ODT, tukainakili, tukabadilisha mwisho wa jina lake uwe zip, tukaifungua. Ndani kuna faili iitwayo content.xml. Aliifungua kwa Notepad, na katikati ya vialama akasoma beti za babu yake mwenyewe. “Kwa hiyo hata hiyo LibreOffice ikifa, maneno yatatoka?” Yatatoka. Nilimwambia pia, kwa haki, kwamba docx, fomati ya Word, nayo ni zip yenye XML, maandishi yenye vialama kama yale, na ni kiwango cha kimataifa cha ISO tangu 2008. Shida ya kikundi hiki haikuanzia kwenye docx.

Kwenye leseni za mashine tulipata jambo ambalo bado linanichekesha. Laptopu za kiwanda zilizokuja na Windows tangu zama za Windows 8 kwa kawaida hubeba ufunguo wa leseni ndani ya ubao wenyewe. Tuliandika amri moja, ufunguo ukatokea kwenye skrini. Kikundi kilikuwa kimenunua leseni halali ndani ya ile laptopu ya mtumba, kisha kikamlipa Fundi aifute na kuweka ya kukraki. Iliwekwa upya ile iliyo halali, LibreOffice ikachukua nafasi ya Office, na pendekezo la Linux kwa mashine zote likaachwa: skana ya kikundi haikuwa na draiva ya Linux, yaani programu ya kuiendesha, na fundi pekee wa karibu ni wa Windows.

Ruhusa ndilo lililochukua muda mrefu kuliko yote. Kwa sheria ya Kenya shairi hulindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya mwaka aliofariki, na rekodi ya sauti miaka 50. Kwa hiyo karibu kila kitu kilikuwa bado na mwenyewe. Nilipendekeza leseni ya Creative Commons, inayomruhusu yeyote kunakili na kusambaza kazi kwa masharti yaliyoandikwa, kwa familia zitakazokubali. Baadhi zilikubali. Familia moja iliuliza: tukigeuza nia je? Jibu la kweli ni kwamba aliyekwisha kuchukua chini ya leseni ile huwezi kumnyang'anya ruhusa. Wakakataa papo hapo, na sikuona sababu ya kuwashawishi. Wao waliandikiana na kikundi barua ya kawaida: watu wasikilize hapa hapa, nakala isitolewe. Rekodi za kina mama zilihamishwa kuwa FLAC na Bi Mkubwa na binti zake wenyewe, baada ya Fundi kuwafundisha deki kwa kaseti ya mwanamume, na diski yake inakaa kwao.

Matokeo

Kaseti zilizopatikana zilihamishwa, na nyingi zinasikika vizuri kuliko sidii zilivyowahi kusikika. Zile zilizorekodiwa juu zimepotea, na miongoni mwake kuna kasida ambazo nakala yake pekee ni ile WMA iliyofungwa. Nakala za hifadhi ziko mahali patatu, moja Mombasa. Maalim amemaliza kuchapa diwani.

Ruzuku haikuja yote. Fomu ya bajeti ilikuwa ya Excel yenye makro, yaani amri zinazojiendesha ndani ya faili, na LibreOffice haikuiendesha sawasawa. Mistari ilihama na jumla zikakataa. Katibu alilazimika kwenda kuijazia kwenye ofisi ya jamaa yake yenye Excel iliyolipiwa, muda ukabana, na sehemu ya uchapishaji ikasogezwa hadi awamu nyingine. Sehemu ya sauti ilikubaliwa. Alinikumbusha methali yake ya upishi, na siku hiyo sikuwa na jibu.

Kwenye laptopu za vijana wa kikundi, Office ya kukraki ilirudi ndani ya miezi michache. Wanasoma vyuoni, kazi hutolewa kwa violezo vya Word, na hawataki kupoteza alama kwa sababu ya pambizo.

Uchambuzi

Watu wengi wakisikia kisa hiki hudhani somo lake ni kwamba programu za kukraki ni haramu au ni hatari. Maalim anaweza kulijibu hilo la kwanza kuliko mimi. Ninachokiona mimi ni kwamba programu ya kukraki iliwaficha bei. Kama Publisher ingewabidi wainunue, mchapaji yule asingeipangia diwani. Angetafuta kitu wanachoweza kukimudu, na kazi ingekaa kwenye fomati ambayo wanaweza kuifungua wakati wowote. Kukraki kuliwapa programu ghali kwa bei ya soda, wakaweka ndani yake miaka ya kazi, na deni likaja siku mashine ilipokufa. Anayeeneza programu za kukraki hadhani kwamba anamwongezea mwenye programu wateja wa kesho, lakini ndivyo inavyokuwa: kila faili inayohifadhiwa kwa fomati ile inamrudisha mtu kwenye mlango ule ule.

Upande wa sauti ni tofauti kidogo. Pale hapakuwa na wizi wala uzembe wa ajabu, palikuwa na tiki moja ambayo hakuna aliyeisoma. Kosa zito lilikuwa kuziachilia kaseti mara baada ya kunakili. Nakala haijathibitishwa mpaka isikilizwe kwenye mashine nyingine, na kaseti haipaswi kurudi kwa mwenyewe kabla ya hapo. Jaribio hilo lingechukua nusu saa na flashi moja.

Kilichofanya kazi ni kutofuata msimamo wa mtu yeyote hadi mwisho. Kijana wa Linux alikuwa na haki kuhusu fomati na akakosea kuhusu mashine. Katibu alikosea kuhusu ODT na akawa na haki kuhusu fomu za wafadhili, kwa kuwa hao ndio wanaoamua barua itafunguliwa kwa programu gani. Mfadhili anayeuliza maswali ya leseni kisha akatuma fomu inayoendeshwa na programu moja tu ya kulipia anawaweka vikundi vidogo mahali pagumu, na nimemwandikia kumwambia hivyo.

Sehemu ambayo sikuitarajia ni ile ya Bi Mkubwa. Wengi wetu tunaopigia debe fomati wazi huwa tunaunganisha mambo mawili bila kufikiri: faili iweze kufunguliwa na yeyote, na yaliyomo yasikilizwe na yeyote. Diski iliyo nyumbani kwake ina faili za FLAC ambazo kompyuta yoyote itazisoma, na mwenye kuamua nani azisikie ni yeye. Hakuhitaji kufuli ndani ya faili kwa hilo.

Fundi sasa hulipwa kwa kaseti anayoihamisha, na watu wa Faza na Siyu wameanza kumletea zao. Huwauliza kwanza kama ni za harusi.